Mimba Changa, Malaria na Daftari la Rufiji

Kwa miaka mingi, mama mwenye mimba changa aliyeugua malaria alikuwa mgonjwa mgumu kuliko wengine katika zahanati. Ugonjwa wenyewe unaweza kuiharibu mimba, kummalizia mama damu, au kumfanya ajifungue mtoto mwenye uzito pungufu. Dawa iliyokuwa bora kwa watu wengine wote, yaani dawa mseto ya artemeta na lumefantrini (ALu), haikupendekezwa kwake kwa hofu ya kumdhuru mtoto aliye tumboni. Kilichobaki kilikuwa kwinini: vidonge vichungu vya siku saba, vinavyovumisha masikio na vinavyoweza kushusha sukari ya damu, na ambavyo wagonjwa wengi huviacha kabla dozi haijaisha.

Mwezi Novemba 2022 Shirika la Afya Duniani lilibadilisha msimamo huo. Lilipendekeza ALu itumike kutibu malaria isiyo kali hata katika miezi mitatu ya kwanza ya ujauzito. Si wengi wanaofahamu kwamba sehemu ya ushahidi uliofikisha dunia kwenye uamuzi huo ilitoka katika kaya za Rufiji, kabla Kibiti haijawa wilaya inayojitegemea. Wanawake wa huko waliulizwa wamekunywa dawa gani na lini, wakafuatiliwa hadi walipojifungua, na majibu yao yakaandikwa.

Makala haya yanatetea hoja moja. Daftari lile lililowauliza wajawazito wa Rufiji kuhusu dawa walizotumia halikupaswa kuwa kazi ya mradi wenye mwanzo na mwisho. Linapaswa kuwa sehemu ya kazi ya kila siku ya kliniki, kwa kuwa maswali ambayo halijayajibu bado ni mengi kuliko yale liliyoyajibu.

Hofu ilikotoka

Elimu ya madhara ya kemikali na dawa kwa mimba ilizaliwa katika msiba. Mwaka 1957 dawa ya usingizi iitwayo thalidomaidi ilianza kuuzwa Ujerumani Magharibi, na baadaye wajawazito wengi waliitumia kutuliza kichefuchefu. Ilipoondolewa sokoni mwishoni mwa mwaka 1961, watoto wapatao 10,000 katika nchi mbalimbali walikuwa wameathirika, wengi wao wakiwa na mikono au miguu mifupi isiyokamilika. Nchini Marekani madhara yalikuwa madogo kwa sababu Frances Kelsey, daktari na mtaalamu wa dawa katika mamlaka ya dawa ya nchi hiyo, alikataa kuipa kibali kabla ya kuoneshwa ushahidi wa kutosha wa usalama wake.

Msiba huo uliacha funzo la pili, ambalo husahaulika mara nyingi. Panya waliopewa thalidomaidi hawakupata kasoro za viungo zilizoonekana kwa binadamu, ilhali aina fulani za sungura zilizipata. Mnyama si binadamu, na mnyama mmoja si sawa na mwingine. Aliye salama maabara anaweza kudhurika nyumbani, na kinyume chake pia ni kweli.

Kinyume hicho ndicho kilichotokea kwa dawa za jamii ya artemisinini. Majaribio kwa panya, sungura na nyani yalionesha kuwa dawa hizi zinaweza kukiua kiinitete, na kwamba kwa panya na sungura baadhi ya viinitete vilivyosalia vilipata kasoro za moyo na mifupa. Mtaalamu wa sumu Robert Clark, aliyeifanyia kazi hii katika kampuni ya GlaxoSmithKline, alikuwa miongoni mwa waliochunguza kwa undani jinsi madhara hayo yanavyotokea. Shabaha ya dawa ni chembe nyekundu za kwanza kabisa za damu ya kiinitete, zile zinazotengenezwa katika kifuko cha kiini kabla ini na uboho havijaanza kazi hiyo. Chembe hizo zikifa kwa wingi, kiinitete hukosa hewa ya kutosha na kufa, au hukua na kasoro.

Kwa panya, chembe hizo huzalishwa kwa pamoja katika muda mfupi, hivyo hata dozi moja inayotolewa siku mbaya inaweza kuziangamiza karibu zote. Kwa nyani hali ilikuwa tofauti. Waliopewa dawa kwa siku 12 au zaidi walipoteza mimba, lakini waliopewa kiwango kilekile kwa siku 3 au 7 hawakuzipoteza. Kwa binadamu, utengenezaji wa chembe hizo huchukua wiki kadhaa, na matibabu ya malaria kwa dawa mseto ni ya siku 3 tu. Matokeo hayo yaliashiria kwamba hatari kwa binadamu huenda ni ndogo kuliko ilivyohofiwa. Kuashiria, hata hivyo, si kuthibitisha.

Uthibitisho haukuweza kutoka maabara, wala haikuwa rahisi kimaadili kuwachagua wanawake wenye mimba changa na kuwapa dawa inayoshukiwa ili kuona kitakachotokea. Njia iliyobaki ilikuwa kuwafuatilia wale ambao tayari walikuwa wameitumia, mara nyingi kabla hawajajua kuwa ni wajawazito. Njia hiyo inahitaji kitu kimoja ambacho nchi nyingi zenye malaria hazikuwa nacho: orodha ya kuaminika ya watu, mimba zao na dawa wanazotumia.

Rufiji ilivyojibu

Rufiji ilikuwa nacho. Tangu mwaka 1998 eneo la wilaya hiyo lilikuwa chini ya mfumo wa ufuatiliaji wa watu na afya, ambao baadaye uliendeshwa na Taasisi ya Afya Ifakara. Wadadisi walizitembelea kaya kila baada ya miezi minne na kuandika waliozaliwa, waliofariki, waliohamia, waliohama na waliopata ujauzito. Kwa upande wa dawa nako, Rufiji ilitangulia. Mwaka 2003, kabla nchi nzima haijahamia ALu, vituo vya afya vya wilaya hiyo vilikuwa tayari vikitoa tiba mseto ya atesuneti na SP kama sehemu ya utafiti. Kwa hiyo katika eneo moja kulikuwa na mambo mawili ambayo ni nadra kukutana: dawa inayotiliwa shaka ikitumika kwa wingi, na daftari la watu lililo hai.

Juu ya msingi huo mtafiti Dk. Dominic Mosha wa Taasisi ya Afya Ifakara, akishirikiana na wenzake akiwamo Blaise Genton wa Uswisi, alijenga kazi yake ya utafiti kuhusu dawa na ujauzito. Matunda yake makuu yalichapishwa mwaka 2014, na yanastahili kusomwa pamoja kwa kuwa kila utafiti unajibu kipande cha swali lilelile: dawa hufanya nini ndani ya mwili wenye mimba?

Katika utafiti wa kwanza, timu hiyo ilijaribu kuona kama mfumo wa ufuatiliaji wa kaya unaweza kutumika kufuatilia usalama wa dawa kwa wajawazito. Waliandikishwa wanawake 1,089, na 994 kati yao wakafuatiliwa hadi kujifungua. Karibu wote walikuwa wametumia walau dawa moja. Kwa maneno mengine, mimba isiyoguswa na dawa ni jambo la nadra, na anayedhani kwamba kunyamaza kuhusu dawa ni kuilinda mimba anajidanganya.

Utafiti wa pili ndio uliogusa hofu yenyewe. Katika mwaka 2012 na 2013 walifuatiliwa wajawazito 1,783. Kati yao 319 walikuwa wametumia dawa za malaria katika miezi mitatu ya kwanza: 172 ALu, 78 kwinini, 66 SP, na wachache dawa nyingine. Walipolinganishwa na wasiotumia dawa hizo mapema, waliotumia kwinini walikuwa na uwiano wa uwezekano wa mara 2.5 wa mimba kuharibika au mtoto kuzaliwa mfu, na mara 2.6 wa kujifungua kabla ya wakati. Kwa waliotumia ALu, ongezeko la aina hiyo halikuthibitika kitakwimu.

Namba hizo zinahitaji kusomwa kwa uangalifu. Hazithibitishi kwamba kwinini ndiyo iliyoharibu mimba zile. Huenda waliopewa kwinini walikuwa wagonjwa zaidi, na malaria yenyewe huharibu mimba. Lakini zilivunja dhana iliyokuwa imezoeleka vituoni kwamba kwinini ni kimbilio salama na ALu ni hatari. Zilifunua pia kasoro nyingine: wanawake 66 walikuwa wamemeza SP katika miezi ile ambayo hawakupaswa kuipata, kwa kuwa SP ya kinga huanza kutolewa katika kipindi cha pili cha ujauzito.

Utafiti wa tatu uliwapima wajawazito wa Rufiji waliokuwa katika kipindi cha pili na cha tatu cha ujauzito, wakilinganishwa na wanawake wasio na mimba. Ulionesha kuwa kiwango cha lumefantrini kilichobaki katika damu siku ya saba baada ya kuanza dozi kilikuwa kidogo zaidi kwa wajawazito. Dozi ileile, kwa mwili uliobadilika, inaweza kuwa pungufu. Swali likahama kutoka usalama pekee hadi utoshelevu wa dozi.

Kisha data za Rufiji zikakutana na za kwingineko. Uchambuzi uliochapishwa katika jarida la The Lancet, ambao Dk. Mosha na wenzake wa Tanzania ni miongoni mwa waandishi wake, ulikusanya taarifa za mimba 34,178 kutoka tafiti za nchi mbalimbali. Kati ya hizo, mimba 737 zilithibitika kukutana na artemisinini katika miezi mitatu ya kwanza. Matokeo mabaya ya mimba yalitokea kwa asilimia 5.7 ya waliotumia artemisinini na asilimia 8.9 ya waliotumia dawa nyingine za malaria. Hapo ndipo mlango uliokuwa umefungwa kwa hofu ulipofunguliwa kwa hesabu.

Yale ambayo hesabu haijayasema

Furaha ya matokeo hayo isizidi kipimo. Kwa mimba 737, kama dawa ingekuwa inasababisha kasoro fulani kwa mtoto 1 kati ya 1,000, kuna uwezekano wa karibu nusu kwa nusu kwamba hata mtoto mmoja mwenye kasoro hiyo asingeonekana. Kasoro za nadra hujulikana tu pale mimba nyingi zinapoandikwa kwa miaka mingi. Ndiyo maana kubadilika kwa pendekezo la dunia hakumalizi kazi ya ufuatiliaji. Kunaianzisha upya, kwa sababu sasa wanawake wengi zaidi watapewa ALu mapema, na safari hii kwa makusudi.

Hapa ndipo hoja ya makala haya inapolala. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Mradi unapokwisha, wadadisi huondoka, fomu hufungwa, na mjamzito wa Bungu au Ikwiriri anayepata dawa leo haingii katika hesabu ya mtu yeyote. Akijifungua salama, usalama wake haujulikani. Akipoteza mimba, hasara yake haiachi fundisho.

Wapo wanaosema kazi hii ni mzigo usiobebeka kwa zahanati yenye watumishi wachache. Pingamizi hilo lina uzito. Muuguzi mkunga mmoja anayepima, anayechanja, anayezalisha na kujaza rejista kadhaa kwa siku hawezi kuongezewa fomu ya kurasa kumi. Lakini kinachohitajika si fomu ya kurasa kumi. Ni maswali matatu na mstari mmoja wa kuandikia majibu: siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho ni lini, tangu siku hiyo umetumia dawa gani, za hospitali, za dukani au za mitishamba, na ulizitumia lini. Mstari wa pili huandikwa baada ya kujifungua: mtoto yu hai au la, uzito wake, na kasoro yoyote inayoonekana kwa macho kuanzia kichwani hadi nyayoni. Sehemu kubwa ya taarifa hizi tayari huulizwa. Kinachokosekana ni kuziunganisha.

Wapo pia wanaosema delta haifikiki. Ni kweli kwamba mama wa Salale, Maparoni au Kiongoroni hufika kliniki kwa boti, maji yakiruhusu. Ni kweli pia kwamba msimu wa mpunga huzihamishia familia nyingi mashambani, ambako hulala katika madungu kulinda mazao dhidi ya ndege na wanyama, mbali na zahanati na karibu na mbu. Mafuriko ya Aprili 2024, yaliyozikumba Rufiji na Kibiti, yalikumbusha jinsi huduma inavyoweza kukatika kwa siku chache tu. Lakini hiyo ni sababu ya kulipeleka daftari delta, si ya kuliacha. Mama aliye mbali na kituo ndiye mwenye uwezekano mkubwa wa kutibiwa kwa dawa ya dukani bila kipimo. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayefika hadi madunguni anaweza kuuliza maswali matatu kama anavyouliza kuhusu chandarua.

Daftari hilohilo linaweza kubeba swali la nne, kuhusu viuatilifu na viuagugu vya shambani. Elimu ya sumu haitenganishi kilichomezwa kwa cheti cha daktari na kilichovutwa puani au kupenya ngozini wakati wa kunyunyizia mpunga. Utafiti wa Vera Ngowi na wenzake miongoni mwa wakulima wadogo wa mboga kaskazini mwa Tanzania, uliochapishwa mwaka 2007, ulikuta asilimia 68 ya wakulima waliohojiwa wakisema wamewahi kuugua baada ya kunyunyizia dawa. Kama hali ndiyo hiyo kwa mtu mzima, kumuuliza mjamzito kama ananyunyizia au anafua nguo za anayenyunyizia ni wajibu wa kawaida.

Wajibu wa kila upande

Kwa mhudumu wa afya, jambo la kwanza ni kuuliza kabla ya kuandika. Kila mwanamke aliye katika umri wa kuzaa aulizwe siku ya hedhi yake ya mwisho, na pale penye shaka apimwe mimba kwa mkojo. Lengo la swali hilo si kumnyima matibabu. Malaria iliyothibitishwa na kipimo ni lazima itibiwe, kwa dawa na dozi zinazoelekezwa na mwongozo wa taifa unaotumika kituoni, na malaria kali ni dharura ambayo katika kipindi chochote cha ujauzito hutibiwa kwa sindano ya atesuneti. Lengo ni kuchagua dawa kwa kujua na kuacha kumbukumbu. Penye dhara linaloshukiwa, fomu ya njano ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba ijazwe. Isingoje uthibitisho, kwa kuwa shaka iliyoandikwa na wengi ndiyo huzaa uthibitisho.

Kwa mama anayesoma makala haya, au anayesomewa, la msingi ni kusema mapema. Desturi ya kuificha mimba changa inaeleweka, lakini chumba cha daktari na dirisha la duka la dawa si mahali pa kuificha. Aseme kuwa amekosa hedhi. Asinunue SP wala dawa nyingine yoyote ya malaria kabla ya kupima. Akiwa alimeza dawa kabla hajajua kuwa ni mjamzito, asiingiwe na hofu na wala asiwaze kuitoa mimba. Aende kliniki na pakiti ya dawa ili iandikwe na afuatiliwe. Wanawake 172 wa Rufiji waliotumia ALu wakiwa na mimba changa ni mfano kwamba taarifa ya namna hiyo ni hazina, wala si aibu.

Kwa halmashauri za Rufiji na Kibiti, wizara na taasisi za utafiti, wajibu ni wa fedha na wa heshima. Wa fedha, kwa sababu mstari wa daftari unahitaji mtu wa kuukusanya, kuuchambua na kuurudisha. Wa heshima, kwa sababu matokeo yaliyotokana na wanawake wa Rufiji yalichapishwa kwa Kiingereza katika majarida ambayo wao hawatayaona. Hakuna sababu ya kuzuia matokeo hayo yasisomwe kwa Kiswahili katika mikutano ya vijiji, kliniki za wajawazito na Hospitali ya Utete. Aliyetoa jibu ana haki ya kujua jibu lake lilisaidia nini, na anayejua hivyo hujibu vizuri zaidi anapoulizwa tena.

Ataulizwa tena, kwa kuwa dawa mpya za malaria zitakuja pale vimelea vitakapozizoea za sasa. Kila moja itakapofika, swali lilelile litarudi: je, ni salama kwa mimba changa? Tanzania inaweza kungoja miaka mingine kumi ikitegemea panya na nyani wa maabara za mbali, huku akina mama wake wakitibiwa kwa kubahatisha. Au inaweza kuwa na daftari lililo wazi tayari, kuanzia Nyamisati hadi Utete, linaloandika kila siku kile ambacho kila mama anakijua na ambacho hakuna aliyemuuliza.